Kamba Imelegea

"Nikizikwa, huo wavu utaoza?"

Mama aliniuliza hivyo tukiwa kwenye benchi la hospitali, tukisubiri kuitwa ndani kwa mara ya pili. Hakunong'ona. Alikuwa akimenya chungwa kwa kucha, na aliuliza kama mtu anayetaka kujua kama mvua itanyesha kabla hajafika nyumbani. Wanawake wawili wa benchi la mbele waligeuka, wakanitazama mimi, si yeye. Mimi ndiye niliyekuwa na miwani.

Nilisema sijui.

"Umekaa Dar kwa wasomi miaka yote ile, na hilo hawakukufundisha?"

"Nilisoma sosholojia, Mama."

"Inahusu nini?"

"Watu."

"Na mimi si mtu?" Akanipa kipande cha chungwa. "Haya, kula. Uliza wenzako."

Sikuwa na wenzangu wa kuuliza. Nilikuwa nimemaliza chuo, sina kazi, nimerudi nyumbani mlimani kungoja majibu ya maombi ya kazi ambayo hayakuwa yanakuja. Nilikuwa nimechoka kwa uchovu ule wa mtu asiyefanya kitu, na nilikuwa nauliza maswali kila mahali: kanisani, dukani, kwenye mkutano wa chama cha ushirika. Watu walikuwa wameanza kuniona kero. Swali la Mama ndilo la kwanza nililoulizwa mimi, tena la maana.

Ili swali lile lieleweke inabidi nianze na kahawa. Bei yake ilipoanguka, Baba hakung'oa mibuni. Aliacha tu kuitazama. Wanunuzi binafsi walikuja na magari yao, wakaondoka, wakaja wengine, na kila msimu mibuni ilizidi kuzama ndani ya magugu. Kilichobaki kutulisha kilikuwa maziwa. Ng'ombe wa kwetu hatoki kwenda kuchunga. Anakaa bandani nyuma ya nyumba, na chakula chake kinamfuata. Majani yaliyoko mlimani hayamtoshi, kwa hiyo wanawake hushuka porini, tambarare, wanakata majani au kuokota mabua ya mahindi, wanafunga mzigo na kupanda nao kichwani. Kushuka ni rahisi. Kupanda na mzigo unaokufunika mpaka mabegani, huoni isipokuwa visigino vya mwenzako aliye mbele, ni habari nyingine.

Zamani mizigo ilifungwa kwa magome ya mgomba. Yalikatika njiani, na yakitupwa shambani yalioza kabla ya msimu kwisha. Kisha maduka ya Moshi mjini yakajaa bidhaa ambazo utotoni hatukuwahi kuziona, na miongoni mwake kulikuwa na kamba za manila, za bluu, ngumu, zinazoteleza mkononi. Mwanamke mwenye manila alifunga mzigo mkubwa zaidi, kwa sababu aliweza. Nilipokuwa mdogo nilidhani hayo ni maendeleo. Bado sijaamua.

Wanawake wa kwetu walikuwa na neno lao. Mmoja akisema njiani, "Leo kamba imelegea," wenzake hawakuitazama kamba. Walisimama, wakamtua mzigo, wakagawana majani yake, kila mmoja akaongeza fungu juu ya mzigo wake, naye akapanda mikono mitupu. Hakuna aliyeuliza zaidi. Nilishasikia maneno hayo mara nyingi na mimi nilidhani ni kamba.

Baba naye alidhani ni kamba. Mwaka ule niliporudi kutoka chuo, Mama alimwambia jioni moja, kwa sauti ya chini, kwamba kamba yake imelegea sana na hadhani kama ataweza tena kwenda porini. Baba alisikiliza kwa makini. Ni mtu mwema. Siku ya soko alishuka mjini na akarudi na kamba mpya ya manila.

"Hii hailegei," alisema, akiivuta kwa mikono miwili mbele yetu ili tushuhudie. "Nimemwambia mwenye duka, nipe ile ya kufungia magunia kwenye lori."

Mama aliitazama ile kamba. "Asante, mzee," akasema.

Shangazi, dada yake Baba, aliyekuwa amekuja kuomba moto, aliweka kipande chake cha ukuni chini na kutoka nje haraka. Nilimfuata. Alikuwa ameegemea nguzo ya banda la ng'ombe, amejiziba mdomo kwa kanga, mabega yanatikisika.

"Shangazi, kuna nini?"

"Kaka yangu," alisema alipoweza kuongea. "Kaka yangu jamani. Ameleta kamba!" Akacheka tena, kisha kicheko kikamwisha, akajifuta macho. "Kamba gani wewe, msomi mzima? Kizazi cha mama yako kinatoka."

Akanieleza pale pale, huku ng'ombe akitafuna nyuma yetu. Kwamba kwa wanawake wengi waliozaa sana na kubeba sana, nyama za chini zinachoka, na siku moja kitu kinashuka, kama yai, kinakaa mlangoni. Unakirudisha kwa mkono. Unakunja kitambaa, unajifunga. Unapiga chafya, mkojo unatoka. Ndiyo maana Mama alikuwa anakaa mwisho wa benchi kanisani, karibu na mlango, mahali ambapo mimi nilidhani anapenda hewa.

Nilirudi ndani nikiwa na hasira, wala sijui nilimkasirikia nani.

"Mama, mbona hukusema?"

"Nilisema," akajibu, akielekeza kidevu pembeni ya kabati. "Nikaletewa kamba."

Ndivyo tulivyofika hospitalini. Baba aliambiwa na Shangazi, kwa Kichagga, maneno machache nyuma ya nyumba, na alikaa siku nzima bila kumtazama mtu usoni.

Daktari alikuwa mtu wa makamo, mtaratibu, mwenye macho ya mtu aliyeamka mapema mno kwa miaka mingi. Alimwamkia Mama shikamoo, akampima, kisha akatuketisha na kueleza bila kuzunguka. Kibofu cha mkojo kimeshuka na kusukuma ukuta wa mbele, kizazi nacho kimefuata. Njia ya kawaida ni kutoa kizazi na kushona kuta kwa nyama za mwenyewe. Inasaidia, lakini nyama zilizolegea mara ya kwanza huweza kulegea tena, hasa kwa mwanamke anayebeba mizigo. Njia nyingine ni mpya. Wageni waliokuja kufundisha walikuwa wamewaachia vifaa vyake.

Akafungua droo na kutoa kipande cha mfano, akamwekea Mama mkononi. Kilikuwa cheupe, chepesi, chenye matundu, na nyuzi za bluu zimepita katikati kwa mistari.

Mama alikigeuza. Alikinyoosha kuelekea dirishani.

"Ni chandarua."

"Kinafanana, mama. Ni wavu. Tunauweka ndani, chini ya kibofu, unashikilia. Nyama inaota kupitia kwenye matundu, vinakuwa kitu kimoja."

"Una dawa?"

"Hauna dawa."

"Basi mbu wataingia."

Daktari alicheka, na kwa kitambo uso wake ukawa wa kijana. Mimi sikucheka. Nilikuwa na maswali yangu, nimeyapanga.

"Daktari, umewawekea wangapi?"

"Wachache."

"Wanaendeleaje?"

"Wanaendelea vizuri."

"Baada ya miaka kumi wanakuwaje?"

Alinitazama. Nilitegemea akasirike, kama walivyozoea kunikasirikia. "Dada," alisema, "hao wa miaka kumi sijawaona, kwa sababu miaka kumi bado haijapita."

"Na ukiharibika, unatolewa?"

"Haukuwekwa ili utolewe. Ni wa kudumu."

"Kudumu mpaka lini?" Mama akadakia.

"Milele, mama."

Mama alirudisha kile kipande juu ya meza, taratibu, kama mtu anayerudisha chombo cha watu. "Uzima wa milele nimeahidiwa kanisani," alisema. "Wavu wa milele ndiyo kwanza nausikia."

Daktari alitupa muda tukafikirie nje. Hapo ndipo tulipokaa kwenye benchi, na chungwa, na swali lile.

Nilijua lilikotoka. Miaka michache kabla ya hapo ng'ombe wetu, mweusi, mtulivu, yule aliyesomesha wawili kati yetu, aliacha kula. Alisimama akakonda mbele ya majani mabichi. Baba alipoona hakuna matumaini alimchinja, na walipopasua tumbo wakakuta donge kubwa kuliko kichwa cha mtoto: mifuko ya nailoni na vipande vya manila, vimejisokota pamoja, vimeng'aa kwa kulainishwa tumboni. Hakuna hata kimoja kilichokuwa kimeoza. Mama alilishika lile donge na kuuliza, kwa yeyote aliyekuwa pale, "Hiki kingekaa humu mpaka lini?" Tangu siku hiyo hakupita kihambani, shamba letu la migomba linalozunguka nyumba, bila kuinama. Kila kipande cha nailoni alichokiona chini ya migomba alikiokota na kukitia kwenye ndoo yake.

Kwetu watu wanazikwa nyumbani, kihambani, kati ya migomba. Nyanya yangu mzaa baba yuko pale, na Mama alijua mahali pake ni kando ya mkwewe. Hakukuwa na ushirikina katika swali lake. Alitaka kujua kama atakuwa kitu kingine cha kuokotwa.

Tulipoitwa tena ndani tuliomba siku chache za kufikiri, nami nikajaribu kumtafutia jibu. Nilishuka mjini, nikaingia kwenye kafe ya intaneti, ghorofani juu ya duka la vitambaa, nikakaa mbele ya kompyuta iliyofungua kurasa polepole kama mtu anayeshuka ngazi na mguu mbaya. Nilikuta picha za wanawake wenye afya wakitembea ufukweni na mbwa. Nilikuta maelezo ya watengenezaji, kwamba wavu wao ni imara, ni laini, ni salama. Kuhusu kuoza hapakuwa na neno. Hawakuwa wameufikiria mwili huo baada ya kufa. Nikaona pia, hapa na pale, madaktari waliokuwa na shaka, lakini walibishana kwa lugha ngumu na dakika zangu zikaisha. Nilitoka na shaka zaidi ya niliyoingia nayo. Hiyo ndiyo kazi niliyokuwa naijua vizuri.

"Sijapata," nilimwambia Mama.

"Basi utaniambia ukijua."

"Kwa hiyo unakataa?"

Hakunijibu mimi. Alimgeukia Baba, aliyekuwa ameketi karibu na mlango akichonga mpini wa jembe. "Mzee, daktari anasema nikishashonwa nisibebe kitu. Wiki nyingi. Nani atakata majani?"

Baba aliendelea kuchonga. "Tutatafuta mtu."

"Mtu gani?"

"Mtu."

"Kwa nini usiwe wewe?"

Kisu kilisimama. Ukweli ni kwamba sikuwahi kumwona mwanamume wa kijijini kwetu amebeba majani kichwani. Kupanda juu kuongoza wazungu mlimani na mizigo yao kichwani, hiyo ni kazi ya mwanamume. Majani ya ng'ombe ni ya mwanamke. Nilishawahi kuuliza kwa nini, nikaambiwa nile.

"Nipite nayo pale dukani?" Baba akasema. "Watasema umenilisha limbwata."

"Waambie ni dozi ya daktari."

"Watacheka."

"Mimi nimetembea na kizazi mkononi tangu huyu azaliwe," Mama akasema, akinionyesha mimi kwa kijiko. "Wewe huwezi kutembea na kicheko?"

Baba alichonga mpini ule mpaka ukawa mwembamba mno kufaa kitu, kisha akasema, "Kamba ninayo."

Mama alikubali wavu. Nilimwuliza kama ana hakika, na kama amesahau ng'ombe. Alisema hajasahau. "Lakini ng'ombe hakuulizwa," akasema. "Na kama hauozi, hauozi. Anayetaka kusimama ni mimi, na ni sasa."

Alifanyiwa upasuaji asubuhi ya mvua za masika. Alirudi nyumbani akiwa mwembamba na mkimya, na Shangazi akatoa amri ambayo hakuna aliyethubutu kuipinga: Mama atakaa ndani kama mzazi. Kwetu mwanamke aliyejifungua huwekwa ndani miezi, hagusi kazi, analishwa mtori wa ndizi na maziwa, anafungwa tumbo, anaogeshwa kwa maji ya moto. Mama alikuwa na wajukuu tayari. Wanawake walipita mmoja mmoja na vibakuli vyao.

"Hongera mzazi!" waliita kutoka mlangoni. "Ni wa kike au wa kiume?"

"Ni wavu," Mama alijibu kutoka kitandani.

"Amefanana na nani?"

"Muulizeni daktari!"

Vicheko vile ndivyo ninavyovikumbuka zaidi. Halafu, wakishatulia, mmoja angefunga mlango, angekaa ukingoni mwa kitanda, na kuuliza kwa sauti nyingine kabisa kama inauma sana, na kama yule daktari ana haraka. Sikujua kwamba walikuwa wengi hivyo.

Na Baba alibeba majani. Siku za kwanza alitumia toroli, lakini njia ya kwetu ni ya mawe na toroli lilimwaga mzigo mtoni. Ikabidi iwe kichwani. Alipanda akiwa amefunikwa mpaka mabegani, na vijana wa dukani walitazamana kabla hawajapiga miluzi. Aliporudi alitua mzigo, akakaa juu yake, akahema. "Huu mzigo," alimwambia Mama dirishani, "mlikuwa mnaubeba kila siku?" Mama alisema, "Huo ni mdogo."

Ningependa kuishia hapo. Kwa miaka kadhaa mambo yalikuwa mazuri. Mama alihamia katikati ya benchi kanisani, akazungukwa na watu pande zote, akaimba mpaka mwisho wa ibada bila kutoka nje. Alirudi porini pia, ingawa alikatazwa, kwa sababu Baba alizeeka na ng'ombe hakuacha kula.

Kisha kitu kikaanza kumchoma. Alisema ni kama ncha ya waya. Mimi wakati huo nilikuwa nimepata kazi Arusha, na nilianza safari zile za kuja na kurudi ambazo zilikula miaka yangu: basi, hospitali, benchi, dawa, basi. Yule daktari wa kwanza alikuwa amehamishwa. Wa sasa, msichana wa umri wangu, alikuta ukingo wa wavu umetoboa ngozi laini ya ndani na kujitokeza. Aliukata. Kwenye sahani ya chuma niliona kipande kidogo kuliko ukucha, na ndani yake uzi wa bluu, unang'aa kama ule wa kipande cha mfano alichowekewa Mama mkononi.

"Na uliobaki?" niliuliza.

"Nyama imeshaota ndani ya matundu," alisema. "Ukivuta wavu, unavuta na yeye." Alisema kwa upole. Alikuwa amechoka kama mimi.

Tukakata tena mwaka uliofuata, na tena. Nilikuwa nimeacha kuuliza maswali. Nilijaza chupa ya maji, nikakaa. Siku moja, kwenye benchi lile lile, nilimwuliza Mama kama angerudi nyuma angekubali tena. Nilitaka aseme hapana. Ningekuwa na mtu wa kumlaumu.

Alifikiri. "Ile miaka niliyokaa katikati ya benchi," akasema, "ni yangu. Siirudishi." Halafu akaongeza, "Hii ya sasa wanaweza kuichukua."

Alikufa kwa presha, si kwa wavu. Vijana wa ukoo walichimba kaburi kando ya la Nyanya, kati ya migomba, na udongo wa kwetu ni mwekundu, laini, unachimbika vizuri. Karibu na juu, sururu ya mmoja wao ilinasa. Alivuta, akavuta, kikatoka kipande cha kamba ya manila, kimepauka upande mmoja, lakini kilipopanguswa matope kilikuwa bado bluu, bado kigumu. Alikitupa kando. Baba alikwenda akakiokota, akakitia mfukoni, akarudi kusimama mahali pake.

Miaka mingi baada ya hapo, ofisini, nikiwa natafuta kitu kingine, nilisoma kwamba nchi kadhaa za mbali zimeacha kuwashonea wanawake nyavu za aina ile, kwa sababu ya maumivu kama ya Mama. Hilo halikunishangaza. Niliendelea kusoma kwa mazoea tu, mpaka nikafika kwenye maelezo ya kilichotumika kutengeneza wavu ule. Unaitwa wavu wa polipropilini, na polipropilini ndiyo plastiki inayosokotwa kuwa kamba za manila.